Sukari sio asidi, na "haina sukari" haimaanishi meno yamepona

Naomba leo tumalizane na hili maana nalisikia kila kliniki hapa Dodoma: "Daktari, sukari ni asidi, ndo mana mwanangu namnunulia pipi zisizo na sukari." Hapana jamani! Sukari ukiikoroga kwenye maji safi pH (kipimo cha asidi, 7 ni katikati, namba ikishuka asidi ni kali zaidi) inabaki karibu na 7. Asidi wanaitengeneza bakteria wa kwenye utando wa meno, wakila sukari pH ya utando inashuka chini ya 5.5 ndani ya dakika chache, enameli, lile ganda gumu la nje la jino, inapoteza madini, halafu mate yanairudisha pH juu taratibu, nusu saa mpaka saa nzima. Mtafiti wa meno Stephan alishaonyesha hayo Marekani miaka ya 1940.

Pipi chachu ni kesi nyingine na hapa ndo nachoka. Uchachu wake umewekwa kiwandani, asidi ya sitriki au maliki, nyingi zinacheza kwenye pH 2 hadi 3. Mtu akisikia 2.5 na 5.5 anaona zimepishana tatu tu, wakati kila namba moja ya pH ni mara 10, kwahiyo hapo ni mara 1,000. Sasa toa sukari weka zailitoli, kile kitamu cha badala ya sukari, asidi si bado ipo? Bakteria hata hawahitajiki, jino linaliwa moja kwa moja, halitoboki, linakonda, umanjano wa ndani unatokeza na maji baridi yanaanza kuuma.

Na ulimi usiuamini. Ubuyu wa rangi pale soko la Majengo unaonekana mtamu, lakini unga wa ubuyu wenyewe uko kwenye pH 3 hivi, sukari inafunika uchachu tu, pH haigusi. Siwakatazi, naupenda sana, kinachoumiza ni kumung'unya kutwa nzima mbegu moja baada ya nyingine, mate hayapati nafasi.

Wengine wananiambia sie wa kanda ya kati maji ya visima yana floridi, meno yetu magumu. Floridi inasaidia kweli kwa asidi ya bakteria, ila kwenye 2.5 hata jino lenye floridi linayeyuka.

Niseme ukweli pia, hiyo 5.5 sio mstari uliochorwa, inategemea kalisiamu na fosfeti za kwenye mate ya mtu. Na ule ushauri wetu wa kusubiri nusu saa baada ya kitu kichachu ndo upige mswaki, wataalamu wenyewe hawakubaliani, maana enameli iliyolainika inachukua muda mrefu zaidi kukaza. Mi nasisitiza kusukutua maji palepale.

Mtoto akitaka pipi, ale baada ya chakula, amalize kwa mkupuo, asilale nayo mdomoni. Dukani geuza pakiti usome nyuma: E330 ni sitriki, E296 maliki, E334 tartariki. Ukizikuta hizo usiniambie tena eti ni salama kwa sababu haina sukari.