Pamba kwenye mvinje

Jumamosi kamati ya mapambo imeniletea pamba tena. Vifurushi vitatu, ya duka la dawa, wauvishe mvinje tulioukata kwa ajili ya kando ya altare. "Mwalimu, bila theluji hiyo si Krismasi." Anayenieleza hayo leso yake imelowa jasho na feni ya sakristia inazungusha joto lilelile. Ukatekista wangu una miaka kumi na minne, na pamba sijaishinda hata mara moja.

Luka na Mathayo hawataji theluji, baridi wala mwezi. Tarehe 25 Desemba tunaikuta Roma, kwenye kalenda ya mwaka 354, na sababu yake wasomi bado wanabishania. Bethlehemu, sitadanganya, iko mlimani, zaidi ya mita 700. Desemba kuna baridi, na theluji huanguka mara mojamoja. Haya.

Pamba ningeivumilia. Kinachonikera ni kudhani Majilio, majuma haya ya kungoja Krismasi, ni mali ya nchi za baridi, sisi Pwani tumeazimwa tu. Shada la mishumaa ya Majilio ndilo la kwao, nakubali: mchungaji Johann Hinrich Wichern alilianzisha Hamburg mwaka 1839, gurudumu na mishumaa juu yake, watoto wahesabu siku. Lakini fungua wimbo wa mwanzo wa Jumapili ya nne, Isaya 45:8. Mbingu zidondoshe umande, mawingu yanyeshe haki, ardhi ifunguke. Huyo ni mtu aliyetazama mawingu yakimpita. Mkulima wa Kinango, huku kwetu Pwani, vuli imekatika na mahindi yamejikunja, analielewa hilo kabla sijafungua mdomo. Bibi mmoja wa jumuiya yetu aliniuliza, "Kwani Isaya naye alikuwa na shamba?" Nikamwambia ndiyo. Ushahidi sina, ila ndiyo.

Zambarau ya mavazi ya Majilio si msiba. Gloria hatuimbi. Hadi tarehe 16 Desemba tunangoja zaidi Kristo arudi. Kuanzia 17 ndipo tunaelekea horini, kwenye kuzaliwa kwake. Tuendelee.

Nakwama kwenye mwanga. Vitabu vyasema giza linazidi, mishumaa inaongezeka, kisha baada ya Krismasi mchana unarefuka. Huko kwao. Sisi tuko nyuzi 4 kusini mwa ikweta: Desemba ndiyo yenye mchana mrefu kuliko miezi yote, japo unaizidi Juni kwa kama nusu saa tu, na Krismasi ikifika umeshaanza kupungua. Nawasha mshumaa wa nne wa shada saa tatu asubuhi, mabati yanalia kwa jua, kaskazi inaingia dirishani inauzima. Nawasha. Inauzima. Watoto wanacheka. Ule wa waridi mwaka jana ulipinda kabatini kabla ya Jumapili yake, ile ya tatu, kama mkia wa paka.

Nikajaribu saa kumi na moja alfajiri. Giza totoro, na kwa mara ya kwanza mshumaa ukafanya kazi yake. Tulikuwa watu tisa, parokia nzima. Paroko aliniuliza kama tutarudia, nikamwambia anipe muda.

Pamba nimeitia kwenye sanduku la huduma ya kwanza. Kamati wanarudi kesho.