Guntojutsu: kitara cha mkono mmoja katika jeshi la Japani

Neno guntojutsu limeundwa na maneno mawili ya Kijapani, gunto, yaani upanga wa jeshi, na jutsu, yaani ufundi. Anayelisikia leo huenda akamfikiria ofisa aliyekamata katana, upanga wa samurai, kwa mikono miwili, ilhali kwa takriban miaka 60 ofisa wa Japani alining'iniza kiunoni kitara cha mtindo wa Ulaya, na kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho alifunzwa kukitumia kwa mkono mmoja.

Utawala wa Meiji ulipoanza mwaka 1868, serikali iliunda jeshi jipya kwa kuwaiga Wafaransa. Chuo cha kijeshi cha Toyama kilianzishwa Tokyo mwaka 1873, na huko wakufunzi wa Kifaransa walifundisha kitara na singe. Mwaka 1876 samurai wa zamani walikatazwa kutembea na panga, kwa hiyo upanga ukabaki alama ya wanajeshi na polisi.

Kitara chenyewe, ambacho baadaye kiliitwa kyu gunto, yaani upanga wa jeshi wa zamani, kilikuwa na mpini uliovikwa ngozi ya taa, yule samaki bapa, ukazungushiwa waya, na mbele yake kinga ya shaba iliyojipinda kulinda vidole. Mkono wa kulia ukishaingia humo, wa kushoto hauna pa kushika. Kwa mpanda farasi hilo halikuwa kasoro, maana mkono wa kushoto ulikuwa na kazi ya hatamu; lakini kwa askari wa miguu aliyezoea upanga wa mikono miwili, ilikuwa kama kupigana akiwa amefungwa mkono. Tena maofisa wengine walichukua panga za mababu zao na kuzitia mipini hiyo ya kigeni, hata ikawa mgeni nje, mzee wa nyumbani ndani ya ala.

Kilichoanza kubadilika ni ufundi, si silaha. Mafunzo ya Kifaransa yaliachwa katika miaka ya 1890, mbinu za mikono miwili zikarudi hatua kwa hatua, na mwaka 1925 zikapangwa katika mtindo unaoitwa Toyama-ryu. Upanga mpya wa maofisa, shin gunto, uliofuata umbo la tachi, upanga wa kale wa samurai, ulikuja mwaka 1934 tu. Wapanda farasi nao waliendelea na kitara chao cha mwaka 1899, mkono mmoja ukiwa kwenye hatamu.