Kawira Mwangaza na Kifungu cha 33: jinsi gavana anavyoondolewa mamlakani

Kadiri uchaguzi mkuu wa Agosti 10, 2027 unavyokaribia, maswali tunayoletewa kwenye vikao vya kuelimisha umma yanazidi kurudi kaunti ya Meru, ambako gavana Kawira Mwangaza aliondolewa mamlakani. Je, madiwani wanaweza kumfuta gavana aliyechaguliwa na wananchi? Mbona wapigakura hawakuitwa tena debeni? Na swali linaloulizwa kwa uchungu zaidi: aliondolewa kwa sababu ni mwanamke?

Kawira Mwangaza hakutoka katika ukoo wa wanasiasa wakubwa. Alikuwa mhubiri, akajulikana zaidi kupitia Baite TV, kituo kinachotangaza kwa Kimeru, na mpango wa Okolea uliowafikishia maskini ng'ombe, magodoro na hata nyumba. Mwaka 2017 alichaguliwa Mwakilishi wa Wanawake wa Meru akiwa mgombea huru. Mwaka 2022, bado bila chama, aliwashinda Mithika Linturi na gavana aliyekuwa madarakani, Kiraitu Murungi, kwa kura zaidi ya 209,000. Akawa mmoja wa magavana saba wanawake waliochaguliwa mwaka huo. Mwaka 2017 walikuwa watatu tu.

Kushinda bila chama ni sifa, lakini kuna gharama yake. Gavana wa aina hiyo huingia afisini bila kiranja wa chama wala upande wa walio wengi wa kumtetea katika Bunge la Kaunti. Mvutano ulianza mapema. Alipomtangaza mumewe, Murega Baichu, kuwa mlezi wa huduma ya vijana ya kaunti, na mume akapiga gitaa mbele ya wanahabari, wengi walicheka. Madiwani waliandika. Kabla mwaka haujaisha, hoja ya kwanza ya kumwondoa ilikuwa mezani, na upendeleo wa jamaa ukiwa miongoni mwa mashtaka.

Hapa naomba tusome polepole, maana ndipo wananchi wengi hupotea. Kifungu cha 181 cha Katiba kinataja sababu za kumwondoa gavana: ukiukaji mkubwa wa Katiba au sheria, sababu nzito za kuamini ametenda uhalifu, matumizi mabaya ya mamlaka au utovu mkubwa wa maadili, na kutojiweza kimwili au kiakili. Kutopendwa hakumo. Utaratibu wenyewe umo katika Kifungu cha 33 cha Sheria ya Serikali za Kaunti. Ilani ya hoja huungwa mkono na angalau thuluthi moja ya madiwani wote, na hoja yenyewe hupita kwa thuluthi mbili ya wote, si ya waliohudhuria siku hiyo. Meru ina madiwani 69, kwa hiyo kizingiti ni 46. Spika wa kaunti humjulisha Spika wa Seneti ndani ya siku mbili, naye huitisha kikao ndani ya siku saba. Muda wote huo gavana anabaki gavana na anaendelea na kazi. Tumelirudia hili mara nyingi, na bado watu husherehekea au kulia barabarani madiwani wanapomaliza kupiga kura.

Seneti ina njia mbili: kamati maalum ya maseneta 11 inayoripoti ndani ya siku kumi, au kikao cha Seneti nzima. Mwangaza alizipitia zote mbili. Desemba 2022 kamati ilipata mashtaka hayakuthibitishwa, na jambo likaishia hapo. Novemba 2023 Seneti nzima ilimwondolea mashtaka. Agosti 2024, baada ya madiwani waliohesabiwa kuunga mkono kufika 49, Seneti ilithibitisha kuondolewa kwake. Kumbukeni kwamba shtaka moja tu likithibitishwa linatosha. Yasipothibitishwa, shtaka lilelile haliwezi kurudishwa Seneti kabla ya miezi mitatu kupita.

Mahakama Kuu ilisimamisha uamuzi huo wa Seneti wa Agosti 2024, gavana akaendelea kuhudumu, hadi Machi 14, 2025 ilipotupa ombi lake. Machi 17 naibu wake, Isaac Mutuma, aliapishwa. Hakuna uchaguzi mdogo hapo. Kifungu cha 182 cha Katiba kinampa naibu kipindi kilichosalia, na kwa kuwa kilikuwa chini ya miaka miwili na nusu, hakihesabiwi kuwa muhula wake.

Kuhusu jinsia, Mwangaza mwenyewe alilalamika kwamba alipigwa vita kama mwanamke, na matusi yanayoelekezwa kwa wanawake majukwaani ni jambo zito ambalo sisi sote tunapaswa kulikataa. Hata hivyo, hoja ya 2024 iliwasilishwa na diwani mwanamke, na Seneti hupima ushahidi wa mashtaka yaliyoandikwa. Anayetaka kumtetea kiongozi wake na ajibu mashtaka hayo.

Adhabu haiishii kwenye kiti. Kifungu cha 75 cha Katiba humzuia aliyeondolewa kwa kukiuka maadili ya uongozi kushika wadhifa mwingine wa serikali. Mike Sonko, aliyeondolewa kwenye ugavana wa Nairobi Desemba 2020, alikwama mwaka 2022 alipotaka ugavana wa Mombasa. Kwa wagombea wa viti vya uchaguzi, kizuizi hukamilika pale nafasi zote za rufaa zinapokwisha, kwa hiyo kabla ya kuchanga pesa za kampeni za mtu aliyewahi kuondolewa, ulizeni kwanza rufaa yake imefika wapi.