Mwenye COPD (ugonjwa sugu wa mapafu unaobana njia za hewa) hana "kinga iliyoshuka"

Kliniki za kifua hapa Dodoma haipiti wiki bila ombi hili: "Daktari, kinga yangu imeshuka, niandikie dawa ya kuipandisha." Kama hofu ni VVU, pima, hilo ni jambo jingine. Kwenye COPD tatizo si uchache wa seli za kinga. Nyutrofili, seli nyeupe za damu zinazopambana na vijidudu, zimejazana kwenye njia za hewa zikimwaga elastasi, kimeng'enya kinachokula kuta za vifuko vya hewa. Seli T za CD8, aina nyingine ya seli za kinga, nazo zinaua tishu ya mapafu yenyewe. Makrofaji, seli za kumeza vijidudu, zipo tele, ila zinameza bakteria kwa uvivu. Ndiyo maana mtu mmoja ana njia za hewa zilizovimba bila kukoma na bado anaugua maambukizi kila mara. Chupa ya "kuongeza kinga" haigusi lolote kati ya hayo.

Tumbo linaingiaje kwenye ugonjwa wa mapafu? Bakteria wa utumbo mpana huchachusha nyuzinyuzi na kutoa butireti, ambayo husaidia seli T dhibiti, zile zinazotuliza wenzake. Bakteria hao wakipungua, seli za Th17, seli T zinazochochea uvimbe, hupata nafasi, na kazi yake mojawapo ni kuita nyutrofili. Ushahidi wa hatua hizi umetoka zaidi kwa panya. Kwa binadamu uhusiano umeonekana, ila lipi linasababisha lipi bado linabishaniwa. Lakini inatosha kuuliza: kwa nini kila vumbi la kiangazi likikukoholesha unapita duka la dawa kumeza antibaiotiki kama azithromaisini, ukawaua bakteria hao hao? Antibaiotiki ina kazi makohozi yakizidi na kugeuka usaha, huku pumzi ikibana kuliko kawaida. Hapo siku 5 kwa kawaida zinatosha. Kikohozi cha wiki 2 na zaidi, pima TB kwanza.

"Mtindi unatibu mapafu." Hautibu, kunywa kama unaupenda. Bakteria wanataka nyuzinyuzi: ugali wa uwele au dona badala ya sembe, kunde, mlenda. WHO inashauri angalau gramu 25 kwa siku.

"Sijawahi kuvuta sigara." Na moshi wa mafiga ndani ya nyumba ya tembe isiyo na dirisha? Nao huleta COPD.

"Inhela imenishinda." Mara nyingi mbinu ndiyo mbovu. Kwa inhela ya kubonyeza, chupa ya plastiki husaidia dawa kufika mapafuni. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, ioshe kwa sabuni, iache ikauke bila kuifuta, maana ukiisugua plastiki dawa hunata ukutani. Toboa kitako tundu linalobana mdomo wa inhela. Likilegea, dawa inavujia pembeni. Tikisa inhela, ichomeke kwenye tundu, toa pumzi, bonyeza mara moja, vuta polepole kupitia mdomo wa chupa, shika pumzi sekunde 10. Dozi ya pili, tikisa tena.