Kishazi hiki ni cha nani? Nomino za wingi na "who", "which" na "that"

"Customers who has no appointment should wait outside." Matangazo ya namna hii yamejaa kwenye milango ya ofisi zetu. Wateja wanaelewa, wanangoja nje, na kazi zinakwenda. Mimi lakini nahariri ripoti na mikataba ya Kiingereza inayoandikwa na watu waliokulia kwenye Kiswahili, na hiyo "has" iliyokaa mahali pa "have" nakutana nayo hata kwenye kazi za watu wenye shahada mbili. Walimu huwaambia, "Umefikiri kwa Kiswahili." Siafiki. Angefikiri kwa Kiswahili asingekosea, kwa sababu angesema "wateja wasio na miadi", na hapo wingi umeshikwa kotekote.

Angalia jinsi lugha hizi mbili zinavyogawana kazi. Tukisema "vitabu vilivyoanguka", wingi umetajwa mara tatu: "vi-" ya nomino, "vi-" ya kitenzi na "-vyo-" ya urejeshi. Kiingereza kinasema "the books that fell". Wingi umetajwa mara moja tu, kwenye ile "s" ya "books". Ukiiondoa, kishazi chenyewe, yaani "that fell" inayoeleza nomino, hakibadiliki hata herufi: "the book that fell". Wala "who", "which" na "that" hazina umoja wala wingi wake. Zinaazima kwa nomino iliyotangulia, na mara nyingi hazionyeshi kwamba zimeazima.

Sisi tuna hali iliyo kinyume kabisa katika ngeli ya I-ZI. "Meza" ni moja au ni kumi, neno halisemi. Tunasubiri "iliyovunjika" au "zilizovunjika" ndipo tujue. Kiingereza kina nomino chache za aina hiyo, mfano "sheep". "The sheep that was sick" ni kondoo mmoja, "the sheep that were sick" ni zaidi ya mmoja. Hapo kishazi cha Kiingereza kinafanya kazi ambayo cha kwetu hufanya kila siku. Kwingineko kinakaa kimya.

Ukimya huo huvunjika mahali pachache: wakati uliopo, ambapo umoja wa nafsi ya tatu hudai "s", kisha "is/are", "was/were" na "has/have". Kwa hiyo mtu asiyegusa "was/were" anaweza kuandika kurasa nzima kwa wakati uliopita bila kukosea, halafu akaanguka kwenye tangazo la mstari mmoja. Nadhani kinachomwangusha ni kwamba akifika kwenye "who" anaiona kama mtu mpya aliyeingia kwenye sentensi, tena mtu mmoja, na anampa kitenzi cha mtu mmoja. Wateja wameshasahaulika nyuma.

Mambo huwa mazito zaidi nomino zikiwa mbili. "The list of students who have paid" na "the list of students that is on the wall" zinaanza sawasawa. Katika ya kwanza waliolipa ni wanafunzi; katika ya pili kilicho ukutani ni orodha. Mwandishi akichanganya vitenzi, msomaji naye anachanganyikiwa. Dawa ninayoipendekeza ni kuigeuza sentensi kwa Kiswahili kabla ya kuchagua kitenzi. Je, unasema "orodha ya wanafunzi waliolipa" au "orodha ya wanafunzi iliyo ukutani"? Ukisikia "wa-", kitenzi cha Kiingereza ni cha wingi. Ukisikia "i-", ni cha umoja. Tunaambiwa tukisahau Kiswahili tunapoandika Kiingereza, ilhali hapa kinatupa kipimo ambacho Mwingereza mwenyewe hana.

Na wenye lugha nao hujikwaa. Mwaka 1991 watafiti Kathryn Bock na Carol Miller walichapisha majaribio ambamo watu walipewa mwanzo wa sentensi, mfano "the key to the cabinets", wairudie na kuimalizia. Ufunguo ni mmoja, lakini ile nomino ya wingi iliyosimama jirani na kitenzi iliwavuta baadhi yao wakasema "are". Wingi ulivuta kuliko umoja: pale nomino kuu ilipokuwa ya wingi na jirani akawa wa umoja, makosa yalikuwa machache. Yale majaribio hayakuwa ya vishazi rejeshi pekee, ila mvutano ni huohuo ninaouona kwenye ripoti: kitenzi hujipatanisha na nomino iliyo karibu.

Kuna na utafiti wa mwaka 1988 wa Fernando Cuetos na Don Mitchell kuhusu sentensi ya mtumishi na mwigizaji: "Someone shot the servant of the actress who was on the balcony." Nani alikuwa roshani? Wasomaji wa Kiingereza waliegemea zaidi kwa mwigizaji, wale wa Kihispania wakaegemea kwa mtumishi. Kiswahili nacho hapa hakina msaada, maana "mtumishi wa mwigizaji aliyekuwa roshani" ni tungo tata vilevile. Wafanye watumishi wawe wengi, na utata unatutoka: "waliokuwa" ni watumishi, "aliyekuwa" ni mwigizaji. Kiingereza nacho kitapona kwa "were" na "was". Lakini andika "who stood on the balcony", na umerudi kulekule. Kipimo changu kina mpaka pia, kwa sababu "picha za nyumba zilizoungua" haikwambii kilichoungua ni picha au ni nyumba. Hapo panga sentensi upya, usitegemee sarufi ikuokoe.

Sasa ile inayozua mabishano: "She is one of those teachers who never shout." Wengi wangeandika "shouts", kwa kuwa anayezungumziwa ni mwalimu mmoja. Igeuze: "Yeye ni mmoja wa wale walimu wasiofoka." Hatusemi "asiyefoka", kwa sababu wasiofoka ni kundi, na yeye yumo. Kwa hiyo "shout". Ongeza "the only" na hesabu inageuka: "She is the only one of my sisters who drives." Dada zangu ni wengi, anayeendesha gari ni mmoja. Nikiri kwamba Waingereza na Wamarekani wenyewe huandika "shouts" kwenye sentensi ile ya kwanza, hata waandishi wazuri, na mimi siipigi mstari mwekundu ikiwa kwenye barua ya kawaida. Kwenye mkataba naipiga.

Kuna mahali Kiswahili kinapotosha kweli, nako ni pale nomino ya wingi inapokuwa shamirisho, yaani kinachotendwa, ndani ya kishazi. Chukua "vitabu anavyosoma dada". Kile kitenzi kimebeba wawili: "a-" ni ya dada, "-vyo-" ni ya vitabu. Kitenzi cha Kiingereza kina nafasi ya mmoja tu, naye ni kiima cha ndani ya kishazi: "the books that my sister reads". Vitabu hata viwe mia, "reads" haibadiliki, kwani anayesoma ni dada. Halafu tunapenda kusema "vitabu nilivyovinunua", na ile "-vi-" ya pili inahamia kwenye Kiingereza na kuwa "the books that I bought them". Hiyo "them" ifutwe. "That" imekwisha kushika nafasi ya vitabu, na mahali pa shamirisho baada ya "bought" hubaki patupu. Vivyo hivyo "nyumba tunamoishi": "-mo-" yetu iko tumboni mwa kitenzi, ilhali Kiingereza cha kila siku huacha "in" ikining'inia mwishoni, "the houses we live in". Anayeandika "the houses that we live" ameacha "-mo-" nyuma. Na kama ulivyoona, "that" yenyewe inaweza kutoweka kabisa ikiwa ni ya shamirisho, kisha nomino mbili zikagusana: "the people my brother knows".

Nimalizie na mkato, kwa sababu ndio unaogusa mifuko ya watu. "The drivers who worked on Sunday will be paid double" inawalipa baadhi: wale waliofanya kazi Jumapili. "The drivers, who worked on Sunday, will be paid double" inawalipa madereva wote na kutaja kwa pembeni kwamba walifanya kazi Jumapili. Kwetu "madereva waliofanya kazi Jumapili" kwa kawaida husikika kama ile ya kwanza, tukitaka ya pili huwa tunavunja sentensi: "Madereva walifanya kazi Jumapili, nao watalipwa mara mbili." Rasimu ya aina hii ikinifikia, humuuliza mwenye kazi swali moja: yupo dereva ambaye Jumapili hakufanya kazi? Akisema yupo, naondoa mikato. Akisema hayupo, naweka miwili, mmoja kila upande wa kishazi, na kama aliandika "that" naibadilisha iwe "who", maana "that" haikai kwenye kishazi cha namna hiyo.