Ukomavu wa hisia: wa nazi au wa bamia?

Jumatatu iliyopita, kwenye kikao cha asubuhi, mtunza stoo mmoja aliuliza kwa nini malipo ya saa za ziada ya miezi miwili hayajaingia. Sauti yake ilikuwa imepanda kidogo, sauti ya mtu aliyekwisha kuuliza mara tatu kwa upole. Mkuu wa idara akamjibu, "Kaka yangu, tujifunze ukomavu wa hisia," kisha kikao kikahamia ajenda nyingine. Mwaka huu nimeusikia msemo huo ukitumika kumnyamazisha mtu mara nne au tano, na kila mara umeniuma, kwa sababu dhana yenyewe ni nzuri na tunaihitaji.

Maana yake ni fupi. Ukomavu wa hisia ni kuitambua hisia yako inapoanza, kuiita kwa jina lake, kisha kuamua wewe utafanya nini nayo kabla haijakuamulia. Kwa kiongozi wa kazini kuna nyongeza moja: walio chini yake wasilipie hisia zake. Dhana hii ina ndugu yake, akili ya hisia, ambayo wanasaikolojia wawili wa Marekani, Peter Salovey na John Mayer, waliiandikia makala mwaka 1990, na ambayo mwandishi Daniel Goleman aliieneza kwa kitabu chake cha mwaka 1995. Hizi mbili zisichanganywe. Akili ya hisia ni kujua kuzisoma, zako na za wengine. Mtu anaweza kuzisoma vizuri sana na akaitumia elimu hiyo kuwaumiza wenzake, maana anajua wapi panapowauma. Ukomavu huonekana katika kile anachofanya akishasoma.

Tatizo lipo kwenye neno lenyewe, ukomavu.

Kukomaa kumetokana na kukoma, kufika mwisho, ukoo mmoja na kikomo na ukomo. Kilichokomaa kimefika mwisho wa kukua. Ila mwisho huo haufanani kwa kila kitu. Nenda sokoni uone. Mama anayechagua bamia huibinya ncha kwa kidole gumba, isipokatika, huirudisha kwenye fungu na kusema, "Hizi zimekomaa." Bamia iliyokomaa ni nyuzi tupu, utaipika mpaka mkaa uishe na bado utaitema. Akisogea meza ya pili kwa muuza nazi, mama huyohuyo anatafuta iliyokomaa hasa. Anaitikisa karibu na sikio asikie maji yakicheza. Neno ni lilelile, lakini kwa bamia ni lawama na kwa nazi ni sifa.

Lugha ya mtaani imeegemea zaidi upande wa bamia. "Komaa mwanangu" maana yake kaza, usilegee. Viganja hukomaa kwa jembe, na uso hukomaa kwa shida. Mtu akikufuata na jambo bila kukupa nafasi ya kupumua, amekukomalia. Sina ugomvi na matumizi hayo. Kiganja kilichokomaa kimeupata ugumu wake kwa haki. Ugomvi wangu unaanza pale maana hiyo inapoingia ofisini na kuvikwa jina la uongozi. Tunapata mkuu anayedhani amekomaa kwa sababu haguswi tena. Mfanyakazi anarudi kutoka msibani, yeye anamuuliza ripoti ya Ijumaa. Watu watatu wanaacha kazi mwezi mmoja, anasema ndiyo maisha. Huyo ni bamia isiyokatika kwa kidole gumba, wala hakuna mtu anayetaka kuila.

Sasa itazame nazi. Watu wa pwani wana jina kwa kila hatua yake: kidaka, kitale, dafu, koroma, kisha nazi. Dafu lina maji mengi na nyama laini ya kukombwa kwa kijiko. Kadiri siku zinavyokwenda, maji yanapungua na nyama inanenepa, mpaka siku ukiikuna na kuikamua unapata tui zito. Kifuu nacho kimekuwa kigumu, hilo ni kweli. Kiongozi pia anahitaji kifuu, maana ataamua mambo yasiyopendwa na hawezi kulia kila anapopingwa. Lakini hakuna anayenunua nazi kwa ajili ya kifuu, na maji bado yamo ndani, ndiyo maana tunaitikisa.

Hatua ninayotaka kuizungumzia hasa ni koroma. Ukilitazama kwa haraka utalichukulia kuwa nazi. Limekwisha kuacha kuwa dafu, na tui lake bado ni hafifu. Wasimamizi wengi wapo hapo, na si kosa lao. Fundi hodari anapandishwa cheo kwa sababu ya mikono yake, au mhasibu kwa sababu hesabu zake hazina doa, na kesho yake anakabidhiwa watu kumi na wawili. Hajawahi kufundishwa afanye nini kifua kinapombana mbele yao. Koroma likiachwa mtini huwa nazi. Likiangushwa mapema na kupelekwa sokoni, watu watalalamikia chakula chao, na watakuwa na haki.

Kinacholikomaza ni nini? Kwa niliyoyaona, kazi kubwa ni ile ya kuiita hisia kwa jina lake, na hapa Kiswahili kimebeba jambo ambalo wengi wetu hatulitazami. Hasira ni neno lililotoka Kiarabu, hasra, na huko halimaanishi kufoka. Ni majonzi, uchungu wa kitu kilichokupotea. La kufoka tunalo pia, ghadhabu, nalo tulilichukua hukohuko. Yaani neno la huzuni ndilo tulilolifanya la ugomvi. Kila nikimwona mkuu anafoka kwa sababu tenda imekwenda kwa wengine, nalikumbuka hilo. Mara nyingi chini ya makelele kuna hofu ya kuitwa mbele ya bodi, au aibu kwamba bei alizipitisha yeye mwenyewe. Akijiambia "nimekasirika", atatafuta wa kumkasirikia, na yule kijana aliyechapa makaratasi yuko karibu. Akijiambia "naogopa", atalazimika kujiuliza anaogopa nini, na nani wa kukaa naye kabla ya kikao cha bodi. Na kama tayari amekwisha kufoka, atarudi kwa walewale aliowafokea na kusema, "Nilikuwa na hofu ya mishahara ya mwezi ujao nikaimwagia kwenu. Nimekosa." Atayasema hadharani, kwa kuwa hata kufoka kulikuwa hadharani. Wengi huomba radhi faraghani kwa kosa la hadharani, na mkosewa anaendelea kubeba fedheha mbele ya wenzake.

Nitajibiwa kwa methali: mkubwa ni jalala. Naikubali kabisa. Kiongozi atatupiwa maneno na atayapokea. Lakini jalala huzolewa. Lisipozolewa, harufu hufika kwanza kwa majirani. Mwaka 2003 mtafiti Emily Butler na wenzake walichapisha utafiti uliowakutanisha wanawake wasiofahamiana, wawiliwawili, wazungumzie jambo la kusikitisha, huku baadhi yao wakiwa wameambiwa wafiche hisia zao. Mazungumzo yalivurugika, na presha ilipanda kwa wale waliokaa na wafichaji. Mfichaji alinyamaza, na mwili wa mwenzake ukaupokea mzigo. Fikiria ofisi ambayo mkuu ameingia amekaza uso tangu asubuhi bila kusema neno, na watu saba wanatazamana wakijiuliza nani kaharibu. Yeye moyoni anajisifu kwamba leo amejizuia.

Kinachotakiwa badala ya kuficha ni kujipa muda, na nafasi hiyo kati ya hisia na tendo ni jambo zito kiasi cha kuandikiwa sheria. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu au utendaji duni, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa na amsikilize, akiwepo mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Sheria haiwezi kuutuliza moyo wa mtu, ila inaichelewesha barua mpaka mwingine naye aseme. Kiongozi aliyekomaa hujichelewesha hivyo hata kwenye mambo madogo yasiyo na kifungu, kama ujumbe wa simu wa saa nne usiku.

Nirudi kwa mtunza stoo. Sauti yake ilipanda, sawa. Lakini alitaja kinachomsumbua ni nini, cha miezi mingapi, na alikitaja mbele ya mtu mwenye uwezo wa kukitatua. Katika chumba kile yeye ndiye aliyekuwa karibu zaidi na nazi. Mkuu wake ni mtu ninayemheshimu, na naamini siku ile alikuwa na jibu gumu mdomoni, kwamba fedha hazipo, akaona aibu kulitoa. Neno alilolitaka lilikuwa vumilia. Ni neno zuri, na watu wetu wanalijua. Wakati mwingine aseme hivyohivyo, vumilia, ili kaka yule apate kumuuliza mpaka lini.