Ziwa ni kubwa, lakini jaruba linakunywa wapi?

Huku kwetu mkoani Mwanza, kuanzia Magu hadi Misungwi, wengi tumekua tukiamini kwamba ziwa halina mwisho, kwa hiyo zao lolote likihimizwa, habari ya maji haihusiki. Imani hiyo inaeleweka. Ziwa Victoria lina kilomita za mraba zipatazo 68,000.

Ila kina chake cha wastani ni mita 40 hivi tu. Sehemu kubwa ya maji yake ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na mengi hurudi angani kwa jua. Mengine hutoka kupitia Jinja, Uganda, kuingia Mto Nile.

Tena shamba lako huenda halinywi ziwani. Linakunywa mtoni au lamboni, na huko ndiko sera ya kilimo, inayohimiza zao hili au lile, inakobana. Pamba na mtama kwa kawaida husubiri mvua. Mpunga hutaka jaruba, yaani kitalu chake chenye kingo, lifurike. Piga hesabu mwenyewe: ekari moja ni mita za mraba 4,047, na maji ya kina cha sentimita 10 juu yake ni kama lita 400,000. Hapo umejaza mara moja tu.

Skimu ya umwagiliaji ikiletwa kijijini, uliza kibali chake cha maji kinaruhusu kuchota kiasi gani, na mto ulipimwa mwezi gani. Wa Aprili si wa Agosti. Mimi nimechomeka kijiti chenye alama za kupimia maji ukingoni mwa mto, nakitazama kila Jumamosi.